Phillip Bado Yuko Busia

Kirewa, Jumatatu 3 Machi 2025

Mvua haijaja. Nimelima peke yangu kipande cha karanga tangu asubuhi na mgongo umekataa kunyooka. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichozoea kuandika shuleni, kwetu ng'ambo, Kenya, na kwa sababu katika boma hili la Wajopadhola hakuna atakayevumilia kukisoma zaidi ya ukurasa mmoja. Nina maneno tele na sina wa kumwambia. Aliyekuwa akinisikiliza tulimzika Januari.

Jana ukoo ulikaa. Jambo lilikuwa moja tu: picha ya mume wangu. Miaka miwili iliyopita Phillip alikopa mbegu na jembe la ng'ombe kutoka ile benki ya Wazungu iliyofungua ofisi Busia, upande huu wa Uganda. Kazi ya benki yenyewe haina siri. Watu wa Ulaya wanaweka akiba kwa simu wakiwa makwao, na akiba hiyo inakopeshwa wakulima huku. Phillip alivuna vizuri, akamaliza mkopo mapema, nao wakaja na kamera. Basi mpaka leo yuko kwenye bango kubwa kuliko nyumba yetu, pale malori yanapopanga foleni ya forodha, ameshika mahindi mawili, anacheka meno yote nje. Chini yake wameandika: PHILLIP ANAVUNA. WEWE JE?

Alipokufa alikuwa na mkopo mwingine, wakaufuta. Wana utaratibu huo na kwa hilo siwalaumu. Lakini yeye mwenyewe hawakumshusha.

Shemeji yangu Samuel, mdogo wake Phillip, ndiye aliyeanza, akiniita shemeji kwa lugha ya kwao. "Mulamu, hii maneno ni mbaya. Baada ya mavuno tunafanya lumbe. Tutamaliza kilio namna gani, na mtu bado nasimama Busia nacheka na madereva?"

Lumbe ni sherehe ya mwisho ya msiba. Ikishapita, kilio kimefungwa, mrithi amejulikana, na marehemu anaachwa apumzike. Wazee wakaitikia wote. Kisha mama mkwe akanyanyua mkono. Jina lake ni Abbo. Naliandika hapa kwa kuwa mdomoni, kwa adabu ya mkwe, siwezi kulitamka. Siku ya mazishi hakudondosha chozi, na jana pia sauti yake haikutetemeka.

"Waende watoe," akasema. "Mtoto yangu si ng'ombe ya mnada, kila mtu natazama." Akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyempandisha kule juu. "Mama Patience, wewe najua watu ya benki. Nenda."

Kusema kweli hakuhitaji kunituma. Mimi mwenyewe nataka ashuke. Nikienda ng'ambo kwa dada yangu Cate, anakokaa binti yetu Patience kwa ajili ya shule, huzunguka nyuma ya stoo za mahindi ili nisikutane na yale meno.

Jumatano 5 Machi

Vumbi. Mama mkwe ameuliza kama nimeenda benki. Sijaenda.

Jumatatu 10 Machi

Nimeenda. Afisa wa wakulima ni kijana wa upande wa Kenya, Sydney, anavuka asubuhi kuja kazini na jioni anarudi. Ndiye aliyekuwa akija shambani kwetu na pikipiki, tena alikula kwetu mara nyingi. Aliponiona alisimama na kiti kikaanguka.

"Pole sana, mama. Sijui hata nianzie wapi."

"Anzia kwa kumtoa mume wangu barabarani."

Akajikuna shingo. Picha haiko mikononi mwake. Wenye picha wako Ulaya, na ni wao wanaoamua nani akae kwenye bango na nani akae kwenye simu za wateja. Nikamwambia basi nipeleke Ulaya. Nilisema kwa hasira tu, lakini yeye akafungua kompyuta, akapiga, na baada ya muda nikajikuta natazamana na mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani, nyuma yake dirisha na mti usio na majani.

Sydney akamweleza kwamba Phillip amekufa. Yule mama akaziba mdomo kwa viganja viwili, akalia. Alilia kwelikweli, miwani ikaingia ukungu. Akasema, kwa tafsiri ya Sydney, kwamba yeye mwenyewe anaweka akiba yake hapo, na kila asubuhi akifungua simu uso wa Phillip ndio wa kwanza kuuona, na humtakia siku njema.

Nilimwonea wivu. Nitasema nini? Mwanamke ambaye hajawahi kumfulia hata soksi anamwona kila asubuhi, na mimi asubuhi naona mto mtupu. Akauliza kama ningependa wamwache pale kwa heshima yake. Anasema watu wa huko wanampenda.

"Mwambie amtoe," nikamwambia Sydney. "Mwambie sisi hapa tunajua jinsi ya kumheshimu."

Akaahidi kulipeleka ombi kwa wakubwa. Nikatoka nikiwa nimeshinda. Nilivuka mpaka, nikanywa chai kwa Cate.

Jumamosi 22 Machi

Mvua! Imeanza saa sita mchana, tukakimbilia shambani na mbegu. Mimi nachimba, mama mkwe anafuata akidondosha karanga. Anadondosha mbili mbili, nyingine zinaanguka nje ya shimo. Nikamwambia, "Mama, unamwaga mbegu." Akanijibu nichimbe mashimo makubwa kama nataka zionekane. Bibi huyu ana ulimi.

Jumanne 25 Machi

Tumemaliza kupanda. Kameuliza tena kuhusu benki. (Najua si adabu kuandika "kameuliza". Nimeandika.)

Alhamisi 10 Aprili

Mvua kila siku. Karanga zimeota vizuri isipokuwa mstari wake, una mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

Kila Alhamisi anaondoka mapema na beseni la karanga zilizobaki za msimu uliopita. Anasema anaenda kliniki ya macho Tororo, na karanga ni za kuuza njiani apate nauli. Macho yake kweli yana utando mweupe. Ila anarudi jioni bila dawa, na haniambii daktari kasema nini. Nikiuliza, anauliza yeye: "Benki wamesema nini?"

"Hawajasema."

"Mm."

Hiyo "mm" yake inanikera kuliko matusi. Naisikia kama lawama: mke gani huyu hata picha ya mumewe imemshinda kuitoa.

Jumapili 20 Aprili

Pasaka. Tumechinja kuku. Samuel ameleta soda na kukumbusha kwamba lumbe ni Julai. Hakuna aliyekalia kiti cha Phillip mpaka mama mkwe alipokivuta, akaweka juu yake bakuli la chumvi.

Jumatatu 28 Aprili

Palizi. Nimelia shambani, bila sababu, katikati ya mstari. Kisha nikaendelea.

Alhamisi 8 Mei

Sijui niandike vipi ya leo. Nitaandika kama yalivyokuwa.

Cate aliniita niende nikamwone Patience, ana homa. Mvua ya jana ilikuwa imejaza maji njia yangu ya nyuma ya stoo, tope hadi magotini, ikabidi nipite barabara kubwa. Nikainamisha kichwa ili nipite chini ya bango haraka. Ndipo nikaona beseni ninalolijua, la buluu, lenye kiraka cha plastiki kilichoyeyushwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya nguzo ya bango, miguu imenyooka, anawapimia madereva karanga kwa kikombe. Na alikuwa anaongea. Nilidhani na wateja. Wateja walikuwa wameshaondoka.

"Mvua imezidi," alikuwa anasema, uso juu. "Lakini karanga imeshika. Ile mstari yangu tu ndiyo mbaya. Bibi yako nanigombeza, na ni haki yake."

Nikasimama hapo hapo katikati ya watu wenye mizigo. Mtu wa baiskeli akanitukana. Nilitaka kurudi nyuma, lakini alikuwa amenitambua kwa namna ninavyotembea, sijui. "Mama Patience," akasema bila kugeuka, "usisimame kwa jua."

Nikakaa chini kando yake. Kisha nikauliza kliniki iko wapi.

"Kliniki nilienda mara moja. Walisema nimechelewa. Jicho moja imekwisha, hii ingine nafuata." Akapima kikombe, akamwaga karanga nusu nje. "Watu siona sura. Wewe siona sura yako, naona tu kitu nyeusi nakuja. Samuel siona. Lakini pale..." akaonyesha juu kwa kidevu. "Pale ni kubwa. Pale naona yeye. Meno naona. Ile nyusi."

Nikatoa simu, nikampiga Phillip picha pale juu, nikamsogezea. Akaishika karibu hadi pua ikagusa kioo. "Hii ni giza tu," akasema, akanirudishia.

"Mama, si ni wewe uliyesema kwenye kikao waende wamtoe?"

"Ukoo walitaka kusikia mama mkali. Nikawapa." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Ningesema nini? Waache, nataka kukaa barabarani na mtoto? Wangesema nimerukwa na akili. Benki wamekubali?"

"Hawajajibu."

"Basi usiwakumbushe."

Miezi hii yote nilidhani "mm" yake ni lawama. Mwanamke huyu alikuwa anashukuru Mungu kwa siku moja zaidi. Nimejiona mjinga, na nimemhurumia.

Patience hajambo. Homa imeshuka.

Alhamisi 15 Mei

Tumeenda pamoja. Yeye karanga, mimi simsim. Nimemtazama Phillip kwa mara ya kwanza tangu Januari, uso kwa uso, hadi shingo ikachoka.

Nilikuwa nimesahau kwa nini anacheka. Hatazami kamera, macho yake yako pembeni kidogo, kushoto. Kushoto ndiko nilikokuwa nimesimama mimi siku ile. Mbuzi wetu alikuwa anatafuna waya wa mpiga picha na mimi namvuta mkia nikimtukana kwa lugha zote ninazozijua. Mpiga picha alimwambia Phillip acheke, akashindwa, kisha akaniona mimi. Kwa hiyo hicho kicheko ni changu. Wamewatundikia madereva wa malori na mabibi wa Ulaya, lakini alikuwa ananicheka mimi.

Nilimwambia mama mkwe. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo mbuzi!" akasema. Sikujua anaweza kucheka. Wanacheka sawa, yeye na mwanawe.

Alhamisi 22 Mei

Tumeenda. Tumeuza. Amemwambia karanga zimetoa maua.

Alhamisi 29 Mei

Tumeenda. Mvua ilitunyeshea, tukakaa chini yake, akatukinga kidogo. Nimeanza kuingoja Alhamisi.

Cate hapendi. "Anje, hiyo ni kujiumiza bure," ananiambia. "Mtu amekufa, mnaenda kumkalia hapo kila wiki ni kama mna miadi. Si mtachizi nyinyi wawili?" Yeye ana mume mzima nyumbani anamkoromea.

Alhamisi 5 Juni

Leo nilimwacha mama mkwe na mabeseni, nikaenda benki kulifuta lile ombi. Nilikuwa nimejipanga: nitamwambia Sydney ukoo umebadilisha mawazo, nimwombe aongee tena na yule mama wa miwani.

Nilikuta mlango wazi na watu wanatoa viti. Ile meza tuliyokuwa tukikaa wakulima imesimamishwa wima kwenye korido. Sydney alikuwa amevaa fulana badala ya shati la benki.

"Wamefunga upande wa wakulima, mama. Sasa kila kitu ni kwa simu. Kuweka akiba, kukopa, kila kitu. Wanasema wanaoweka akiba kwa simu ndio wanaongezeka, na hizi ofisi zinawala hela."

"Na wewe?"

"Mimi nimewachwa. Kesho ndio siku ya mwisho."

Nikampa pole. Kisha nikamweleza. Jinsi alivyokuwa akinisikiliza, nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Ombi lako lilipita," akasema. "Walikubali wiki jana. Yule madam alilipigania sana, alisema ni heshima kwa familia. Nilikuwa nimepanga nikuje nikwambie. Nilidhani utafurahi, mama."

"Lini?"

"Hawakusema. Wakileta bango jipya." Akaniandikia namba ya huduma kwa wateja. Tukapeana mikono pale kwenye korido. Kijana mzuri. Amekula kwangu, hajawahi kunidanganya, na leo ningemshukuru angekuwa mwongo.

Nilirudi kwa mama mkwe nikamkuta anamsimulia Phillip bei ya mkaa. Sikumwambia kitu.

Ijumaa 6 Juni

Nimepiga ile namba. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa: kuweka akiba, bonyeza moja. Kuomba mkopo, bonyeza mbili. Kusahau neno la siri, bonyeza tatu. Nilingoja mpaka mwisho. Nikabonyeza zote.

Jumamosi 7 Juni

Nimepiga tena.

Jumatatu 9 Juni

Nimepiga. Nimelimaliza salio la simu nikisikiliza muziki wao.

Alhamisi 12 Juni

Yuko. Tulipokata kona nilikuwa nimefumba macho kama mtoto. Yuko.

Alhamisi 19 Juni

Yuko.

Jumanne 24 Juni

Mvua imekatika. Tunang'oa karanga. Mama mkwe anakaa kwenye turubai anazichuma kwa kugusa, na mawe madogo anayaweka pamoja na karanga. Mimi nayatoa akiinuka kwenda kunywa maji. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomkasirikia.

Alhamisi 26 Juni

Hatukwenda, kazi imezidi. Amekaa siku nzima bila neno.

Alhamisi 3 Julai

Nilienda peke yangu; yeye goti lilimkamata. Namshukuru Mungu kwa lile goti.

Wamemtoa. Juu yupo kijana mwingine, mashavu ya kushiba, shati jeupe, ameshika simu mkononi na nyuma yake shamba la mahindi ambalo naapa hajawahi kulikanyaga. Hakuna jina. Maneno yamebadilika: AKIBA YAKO IKO KIGANJANI. Chini ya nguzo kulikuwa na vipande vya karatasi ngumu vimekanyagwa na malori. Nilivigeuza kimoja kimoja, watu wakinitazama. Kimoja kilikuwa na rangi ya ngozi. Inaweza kuwa yeye, inaweza kuwa mahindi. Nikakiacha.

Nililia palepale barabarani na sikujali. Nimemzika mara ya pili, na safari hii ni mimi niliyeomba.

Ijumaa 4 Julai

Ameuliza kama nimemwona. Nikasema nimemwona.

Jumamosi 12 Julai

Lumbe imefanyika. Watu walijaa, ng'ombe alichinjwa, ngoma zilipigwa tangu mchana. Samuel amesimikwa kuwa mlezi wa nyumba ya kaka yake mpaka Patience akue, na ameapa mbele ya wote kwamba shamba langu halitaguswa. Alisema vizuri. Nimekuwa nikimwona mtu wa maneno mengi. Leo sauti yake ilikwama mara mbili.

Kisha akasema, "Na sasa ndugu yetu napumzika kweli. Boda wa Busia wameniambia, wiki jana walimtoa kwa ile mbao. Ni kazi ya mulamu wetu huyu. Tumpigie makofi."

Wakanipigia makofi. Mama mkwe alikuwa amekaa kando ya sufuria ya nyama, anawagawia wazee. Upawa ulisimama. Mchuzi ukamdondokea mguuni na ulikuwa wa moto, hakuuondoa mguu. Halafu akaendelea kugawa, sahani baada ya sahani, sawasawa, mpaka nyama ikaisha.

Nilimfuata nyuma ya jiko. "Mama," nikasema.

"Mm," akajibu.

Jumatatu 14 Julai

Mama mkwe hataki kula. Samuel alileta samaki, mama akasema ameshiba.

Jumatano 16 Julai

Tumekoboa karanga. Zake amejaza beseni la buluu, akalifunika kwa kanga. "Kesho ni Alhamisi," akasema. Nilimwambia goti lake bado. Akasema goti ni lake.

Alhamisi 17 Julai

Nilijaribu njia nzima. Nikasema Busia leo kuna vumbi, nikasema tuuzie sokoni Tororo, bei ni nzuri. Tulipofika alinishika mkono, tukaenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo. Nikamwekea kigoda. Akakaa, akanyoosha miguu, akapanga kikombe chake. Akainua uso.

Akatazama kwa muda mrefu, amekunja macho. Yule kijana wa mashavu alikuwa anatutabasamia, na simu yake.

"Samuel ni mwongo," akasema mama. "Nasema wametoa yeye. Si yule pale?"

Nikalisogeza beseni karibu na miguu yake.

"Mama Patience. Si yule?"

"Ndiye, Mama."

"Amenenepa."

"Ndiyo," nikasema. "Amenenepa."

Akaguna, akaridhika, akafunua beseni. Akaanza kumweleza habari za lumbe: nani alikuja, nani hakuja, jinsi nyama ilivyotosha. Dereva mmoja mwanamke, Mkenya, akashuka kwenye lori lake kununua kikombe. Mama akamwonyesha juu kwa kidevu. "Ule ni kijana yangu."

Yule dereva akatazama bango, akamtazama mama, akatabasamu. "Kumbe! Mnafanana sana."

Mama akamwongezea konzi mbili za karanga.